Cherehani Iliyogoma

Babu yangu kipenzi,

Huku chuoni sote wazima. Juzi tulijazana bwaloni mbele ya runinga kumtazama rais akiapishwa, mwanamke wa kwanza kushika urais nchini kwetu. Baada ya kiapo, msichana wa rika langu alisoma shairi, akituliza sauti kila mwisho wa mstari. Nikakukumbuka ukishona huku unanisomea, kitabu wazi mbele yako, mguu ukiiachia cherehani kila mstari ulipoisha ili nisikie vizuri. Machozi yakanitoka; wenzangu wakadhani namlilia rais!

Kwenye simu ulisema cherehani imegoma. Mama ameniambia kilichogoma ni mguu wako. Babu, hata mimi unanificha?

Likizo nakuja. Nitakanyaga mimi, wewe soma.

Mjukuu wako,
yuleyule mchumba