Cherehani Ndani ya Kanda

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi na mguu wako umeunyoosha juu ya kiti kama daktari alivyokuagiza. Jirani yako aliniambia kwamba umeanza kuvimba tena, na kwamba wewe, kwa ubishi ule ule wa utotoni, unasema kiti ni cha kukalia na si cha kulazia mguu. Unyooshe. Mimi sijambo. Macho yangu bado yananitosha kuona herufi ninazoziandika, na mgongo unalalamika lakini haujagoma. Wajukuu wako nimewaona wiki iliyopita. Wana afya, ila yule mdogo anakula herufi anapozungumza, na nimemwambia mama yake asicheke anapofanya hivyo.

Najua kwamba tangu habari za mwanao zikufikie hupokei simu ya mtu yeyote. Najua pia kwamba umemwambia asikanyage kwako. Habari ulizonazo umeletewa na watu ambao hawakuwapo, na waliokuwapo waliona nusu. Mimi nilikuwapo, tena kiti cha mbele. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakaza komeo.

Unakumbuka kwamba jina la Msomi tulimpa sisi wenyewe, siku alipoyasoma maandishi ya pakiti ya sukari kabla hajaanza shule. Nani angejua kwamba angefika chuo kikuu na kupewa mpango mzima auongoze? Mpango wenyewe unaitwa Mitambo na Utu. Wanafunzi wa kompyuta wanakaa meza moja na wanafunzi wa fasihi na historia, na kila Jumatano hufanya tukio la wazi katika ukumbi wa maktaba. Siku moja waliangaza ramani ya mitaa ya zamani ukutani, na wazee wakaitwa waonyeshe nyumba zao zilikuwa wapi. Siku nyingine waliifanya kompyuta itunge mashairi. Wale wa fasihi waliyazomea, na wale wa kompyuta wakawajibu kwamba angalau mashine yao inakabidhi kazi kwa wakati. Nilicheka, nakiri. Ni vijana wazuri wasiojua kuchomekea mashati.

Mwanao ndiye aliyenialika. Walikuwa wakitengeneza mashine ya kusimulia hadithi za kale na kujibu maswali ya wasikilizaji, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha aibu; ilizungumza kama mtu aliyejifunza lugha kwa kusoma maelekezo ya jiko la gesi. Aliniambia kwamba hakuna mtu anayesema lugha safi kama mama yake mkubwa, na kwamba angependa mashine ichukue sauti yangu. Nilifurahi. Nilivaa gauni la kijivu, nikaenda.

Siku hiyo ya kwanza walinikalisha ukumbini, wakanisikilizisha hadithi walizokuwa nazo. Ukutani palikuwa na bango kubwa lenye picha ya mwanao, na chini yake maelezo kwamba hadithi hizo alizikusanya yeye mwenyewe kwa miguu yake, kijiji hadi kijiji. Sauti ya mzee mmoja ikaanza kusimulia. Nikasikia kitu nyuma yake. Tiki-tiki, kaa. Tiki-tiki, kaa. Mdogo wangu, ilikuwa cherehani yangu. Ule mkanda wake uliolegea, ambao shemeji yako aliahidi kuukaza mpaka akafa hajaukaza.

Wewe unajua jinsi marehemu alivyofanya kazi ile. Alikuwa fundi mitambo wa redio, na jioni aliwaalika wazee sebuleni kwetu, akawawekea kinasa sauti mezani, nao wakasimulia. Mimi nilikuwa na sare za shule za kushona. Aliniomba ninyamazishe cherehani kwa sababu namharibia kazi, nikamwambia kazi yake haihitaji kola na yangu inahitaji. Kwa hiyo cherehani yangu imo katika kila kanda. Naye mwanao alikuwa akiishi kwetu, akisoma, na lile sanduku la kanda lilikaa chini ya kitanda alichokilalia.

Baada ya mazishi alikuja akaniomba sanduku. Alisema kanda zimeshika ukungu, atazisafisha, atazihamishia kwenye kompyuta, kisha atanirudishia zikiwa kama mpya. Ulipopita mwaka alinieleza, kwa uso wa huzuni, kwamba zote zilikuwa zimeoza na amelazimika kuzitupa. Nililia, maana marehemu alikuwa na desturi ya kuanza kila kanda kwa kukohoa kidogo na kujitaja: jina lake, jina la baba yake, kazi yake, na jina la mzee aliye mbele yake. Sikuwa na kumbukumbu nyingine ya sauti yake. Nilimlilia mume wangu mara ya pili, na mwanao akanishika mkono.

Sasa nilikuwa nikizisikia kanda hizo hizo, nzima, safi, na kila moja ilianzia moja kwa moja kwenye hadithi. Kikohozi kimekatwa. Jina limekatwa. Mume wangu amefutwa kama makosa ya mwanafunzi, na mahali pake pameandikwa mtu mwingine.

Mwanao alinitazama, akaniuliza kama nimezipenda. Nikamwambia zimenoga. Nadhani alifikiri kwamba masikio yangu yamezeeka.

Kazi ya kurekodi sauti yangu ilifanyika katika chumba kidogo chenye kuta zilizobandikwa sponji. Aliyeisimamia alikuwa msichana wa kompyuta ambaye wenzake humwita Nyaya, kwa sababu hana siku asiyovaa waya shingoni kama mkufu. Huyo ndiye aliyenifundisha jinsi mashine inavyojifunza. Alinieleza kwamba haielewi lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Inachokisikia kikirudiwa ndicho inachokiamini, na ndicho inachokitoa mbele. Nikamwambia basi haina tofauti na darasa langu la zamani.

Juu ya mlango wa chumba hicho palikuwa na amri moja, aliyoiandika mwanao kwa mkono wake: Humu mzee hakatwi maneno. Alijivunia sana amri hiyo. Kila mgeni alipokuja, aliisoma kwa sauti na kueleza kwamba vyuo vingine huwahariri wazee, lakini wao humwingiza mzee mzima mzima mashinini, pamoja na kikohozi chake. Pamoja na kikohozi chake! Nilikuwa nimesimama pale aliposema hivyo. Niliyatafuna maneno yale polepole.

Tangu siku hiyo, kabla ya kila hadithi niliyoisoma, nilikohoa kidogo, kisha nikasema kwamba hadithi hii ilirekodiwa sebuleni kwangu na mume wangu, nikamtaja kwa majina yake yote matatu, fundi mitambo wa redio, na kwamba kanda yake ilichukuliwa na mtoto wa mdogo wangu, ambaye aliniambia imeoza. Kila hadithi, mdogo wangu. Sikubadilisha neno.

Mara ya kwanza Nyaya alivua vile vya masikioni, akanitazama kupitia kioo. Akaniuliza, kwa adabu, kama maneno hayo yabaki. Nami nikamuuliza mlango unasemaje. Akageuka akausoma kana kwamba hajawahi kuuona. Akasema, mzee hakatwi, bibi. Nikamwambia basi awashe mashine. Mwanao hakugundua, kwa sababu hakuwa na desturi ya kusikiliza. Alipita tu mlangoni, akaninyooshea kidole gumba, akaenda kwenye mikutano yake. Huo ndio uzembe uliommaliza. Anajua kuongoza wasikilizaji, yeye mwenyewe hasikilizi.

Wiki zote hizo aliniletea matunda, nami nikampikia chai. Nilimuuliza habari za kazi. Nilimsahihishia hata maombi yake ya kupandishwa cheo, nikamwekea alama za kituo pale alipozisahau. Nilitaka apande juu vya kutosha.

Ikafika siku ya maonyesho. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Mkuu wa chuo alikuja na ujumbe wake, na wanafunzi walikuwa wameipa mashine ile jina la Bibi, kwa heshima yangu. Bibi ndiye aliyetangulia, kabla ya hotuba ya mwanao. Mkuu wa chuo akapewa kipaza sauti aulize swali la kwanza. Ni mtu mpole. Akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza, kwamba hadithi hizi nzuri Bibi amezipata wapi.

Mashine ikakohoa. Watu wakacheka kwa furaha. Kisha sauti yangu ikatoka katika spika zote za ukumbi ule, imenyooka, kila herufi mahali pake, ikamtaja mume wangu kwa majina yake yote matatu, ikataja sebule, ikataja kanda na aliyezichukua na uongo aliousema. Kicheko kilikufa safu baada ya safu. Mkuu wa chuo, akidhani amesikia vibaya, akauliza tena kwa njia nyingine, kwamba ni nani hasa aliyezikusanya. Bibi akakohoa tena na kurudia yale yale.

Mwanao alisimama. Alinyoosha mkono, akafungua kinywa. Kijana mmoja kutoka nyuma akapiga kelele kwamba mtambo umeharibika, na Nyaya akajibu kutoka mezani kwake kwamba mtambo ni mzima kuliko waliomo humu. Ukumbi ukapasuka. Mwingine akamuuliza mwanao kama hivyo viatu vilivyotembea kijiji hadi kijiji ndivyo hivyo vinavyong'aa. Kisha wanafunzi, wanafunzi wake mwenyewe, wakaanza kupiga meza na kuimba ile amri yake: Hakatwi! Hakatwi! Kila alipofungua kinywa, walizidisha. Alisimama hivyo, mkono juu, midomo ikicheza bila sauti, mpaka mkuu wa chuo alipoondoka.

Mimi sikugeuka. Niliweka mikono yangu mapajani, mgongo nimeunyoosha. Sijawahi kuketi vizuri namna ile tangu nilipostaafu.

Yaliyofuata umeyasikia. Mpango amenyang'anywa, na kesi yake iko mbele ya kamati. Bango limeshushwa, limewekwa jipya lenye jina la mume wangu, na nimelisahihisha mwenyewe kabla halijachapwa. Watu wanasema kwamba pale aliponyoosha mkono alitaka kukana. Wanasema hana haya, ameumbuliwa na mashine na bado anataka kubisha. Najua ni hilo lililokuumiza kuliko wizi wenyewe. Najua ndilo lililokufanya ufunge mlango.

Sasa sikiliza, maana jambo hili hakuna anayelijua isipokuwa mimi na yeye.

Asubuhi ya siku ile mwanao alikuja kwangu. Alikuwa amevaa suti mpya, akakaa kwenye kigoda cha cherehani, akalia mpaka tai ikalowa. Alisema kwamba alipokuwa akijaribu spika ukumbini aliisikia cherehani nyuma ya hadithi, na tangu hapo chakula hakikumpita kooni. Alinieleza jinsi alivyoanza kwa kuazima, kisha akaona haya kurudisha, kisha ikawa ni shahada, ikawa ni cheo. Akatoa flashi mfukoni, akaniwekea kiganjani. Humo alikuwa ameweka vile vipande vyote alivyovikata: vikohozi vyote vya mume wangu, na majina yote. Alisema mkono wake uliweza kuvikata lakini haukuweza kuvifuta. Akaniambia kwamba hotuba yake ndiyo itakayofungua maonyesho, na kwamba atamtaja marehemu na kukiri mbele ya watu wote. Aliniomba kitu kimoja tu: nimwache aseme mwenyewe.

Nikamwambia vema, mwanangu, utasema. Nikamfuta machozi kwa kanga yangu, nikamkaza tai. Alipotoka tu, nilimpigia Nyaya simu. Nilimwambia kwamba mgongo wangu hautavumilia hotuba ndefu, kwa hiyo naomba Bibi atangulie. Naye ni mtoto mwenye adabu. Akapanga hivyo, na mwanao, alipoelezwa kwamba ni kwa ajili yangu, akakubali mara moja.

Kwa hiyo mkono ule aliounyoosha haukuwa wa kukana. Alikuwa akitaka kutimiza alichokuja kuniahidi, na mimi niliyekaa hatua chache kutoka kwake nilijua, nikanyamaza. Nilitaka ajue jinsi inavyokuwa kusimama mbele za watu na jina kinywani, halafu ukakatwa. Amejua.

Sikuandikii kukuomba radhi. Ningerudishwa asubuhi ile, ningeipiga simu ile ile. Nakuandikia kwa sababu umemfungia mwanao mlango kwa kosa ambalo hakulitenda, ilhali aliyoyatenda yanatosha. Mfungulie au usimfungulie. Wewe ndiye mama yake. Kama utakasirika, kasirika na mimi, lakini nyoosha mguu.

Kwangu huja kila Jumatano. Husimama nje akabisha hodi, akaniita mama mkubwa. Nami huketi kwenye cherehani, nikaikanyaga, nikashona kipande chochote kilicho karibu mpaka hodi zikome. Mkanda bado umelegea. Sijamwita fundi aukaze, wala simwiti.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na jirani yako umwambie nimemshukuru kwa kukuangalia. Nakutakia nafuu ya haraka na moyo mtulivu kuliko wangu.

Ni mimi dada yako,
Mwalimu