Dawa Waliyokula Kuku

3 Februari

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu nyingi, mpaka bahasha ikatae kufungwa. Hujambo? Na miguu, kwa huko kusimama duka la dawa kutwa nzima? Mimi sijambo, ila sijambo ya mdomoni.

Nakula kama fundi ujenzi, na nakonda kama uzi. Nyama inaingia, inatoka vilevile, kama barua iliyokosa anwani. Daktari kasema kongosho limekufa. Nikamuuliza, kwani limezikwa wapi? Hata hakucheka, yule.

Fundi cherehani, jirani yangu, kila akinipunguzia gauni anauliza nani ananikondesha. Nikamwambia mapenzi. Kashatangaza mtaa mzima! Nimemwacha, sifa kama hiyo nitaipata wapi tena umri huu?

Wewe unayekaa na dawa, nieleze. Chakula chote hiki kinakwenda wapi?

Ni mimi dada yako

20 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwako. Sikia. Yai na nyama zina protini, ndefu kama shanga zilizotungwa. Kongosho hutoa vimeng'enya, hiyo ndiyo mikasi. Vinakata uzi, shanga zinaachana, mwili unazitunga upya zinakuwa nyama yako. Panzi anakula jani, anatunga panzi. Kuku anamla panzi, anatunga kuku. Wewe mikasi huna, ndiyo maana unashiba na unaisha.

Nimekutumia kopo la vidonge vyenye mikasi hiyo. Meza kila unapoanza kula. Dada, vitunze. Waliokuwa wanavileta wamefunga, nimezunguka kote, hilo ndilo kopo la mwisho. Na daktari wako nimeongea naye kwa simu. Bila vidonge mwaka huu humalizi.

Mdogo wako

16 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo mama? Mimi leo nacheka peke yangu. Vidonge vilifika, nikameza, wee! Nyama ikatulia tumboni kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Mashavu yakarudi. Fundi cherehani akaulizia kama bwana ana kaka yake.

Lakini kopo likawa linapungua, roho ikawa haitulii. Nikakaa nikawaza yale ya panzi na kuku. Si ukimlisha kuku majani, kiini kinakuwa cha njano? Sasa kidonge nikimeza mimi, kimekwenda. Akila kuku, kila siku ananitagia yai lenye mikasi, dawa haiishi milele! Nimevipasua vyote vilivyobaki, nimechanganya na pumba, tetea wangu wamekomba mpaka chombo. Nakula mayai yao asubuhi na jioni. Nyama imeanza tena kupita bila hodi, lakini najua yai litakolea tu.

Sema kweli, huyo dada yako hajasoma lakini kichwa si anacho?

Dada yako

29 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui niandikeje. Vimeng'enya vyenyewe ni protini, dada. Kuku kavikata kama anavyomkata panzi, kavitunga kivyake. Saa hizi ni manyoya. Kwenye yai hamna kitu.

Likung'ute lile kopo, hata chembe ya chini usiitupe. Mimi nazunguka tena maduka, nitakuja nikipata. Nijibu haraka.

Mdogo wako

11 Agosti

Mdogo wangu,

U mzima? Usinune, kalamu ilikuwa nzito, naiweka chini kila mstari. Barua zako zote tatu nimezisoma. Kwamba umekosa, nimeelewa. Acha kuzunguka, utaharibu viatu.

Gauni haliwezi kupunguzwa tena, fundi cherehani kanishonea jipya kwa mabaki. Siku hizi haulizi habari za bwana. Analeta uji, ananiangalia nikinywa, anatoka nje kupenga kamasi, anadhani sisikii. Umbea umemwisha kabisa, mpaka mtaa umepooza.

Kuku, usiseme! Wamenona kwa niaba yangu. Wawili nimewachinjisha, nyama wamekula majirani, mimi nimepewa mchuzi, kwa heshima tu.

Uliandika dawa imekuwa manyoya. Basi niliyafuata. Ya waliochinjwa, na yaliyodondoka bandani, nimeyaokota yote moja moja, nimeosha, nimeanika. Fundi kashona foronya, mimi nimejaza. Umetoka mto mmoja, laini huo!

Ukija ukakuta kitanda kitupu, usianze kutafuta kopo. Lala. Dawa yako imo humo, sikuitupa.

Dada yako