Kisahani cha Nyanya Yako

Mpendwa Chebet,

Hapa Rongai tu wazima, na mahindi yameanza kubeba. Daktari amekukuta na sukari, anataka upunguze uzito, nawe unauliza kama uache ugali kabisa au upunguze kila chakula. Nyanya yako alijaribu njia zote mbili, na zote zilimshushia sukari. Ila alipoacha ugali alikula peke yake jikoni, asije akatamani wetu, mpaka akachoka. Ndipo akaja mezani na kisahani cha chai, akajipimia ugali humo, akaongeza mboga ya sukuma.

"Baba Kiprono, usinicheke," aliniambia. "Hii nitaiweza mpaka nizeeke."

"Kwani bado?"

Alicheka, akala. Hadi leo, hata harusini, hukitoa kisahani hicho mkobani bila haya. Daktari akikubali, nawe tafuta chako.

Babu yako