Asali ya Tezi

Jumatatu, 24 Juni

Leo ni Enyovden, siku ya kuchuma dawa kabla jua halijachomoza. Mama mkwe kanigongea bado giza. Sikuwa nimelala hata hivyo, moyo ulinidunda usiku kucha. Tumepanda mlimani, yeye mbele na miaka yake sabini na sita, mimi nyuma nikihema kama mbwa. Mikono inatetemeka hadi nimeshindwa kukata kijiti. Tumerudi na majani ya kuchemshia chai ya dawa na kapu la walnati mbichi, kokwa za kuloweka kwenye asali.

Daktari Kaloyanova ameshasema: vidonge hadi mwisho wa kiangazi. Tezi ya shingo, inayokimbia kupita kiasi, isipotulia, kisu. Na kisu kinapita kando ya mshipa wa sauti. Hatari ni ndogo, kasema. Ndogo kwake, yeye haimbi! Harusi zote za milima hii naimba mimi. Nikinyang'anywa sauti nabaki na nini? Mbuzi wa kukamua.

Alhamisi, 4 Julai

Vidonge asubuhi, chai ya majani jioni. Daktari kaikubali chai, mradi nisiruke vidonge. Damu inaonyesha tezi imepungua kasi kidogo. Nimelala! Valko anasema kitanda kimeacha kutikisika — mume wangu na utani wake. Nimeimba zizini, peke yangu. Sauti ipo.

Jumapili, 4 Agosti

Chupa ya dawa aliyoiloweka mama mkwe Enyovden imekaa juani siku arobaini, kaifungua leo baada ya kanisa. Walnati, asali, na unga wa mwani wenye iodini, alioagiza mjini. Enzi za mama yake wanawake wengi huku walikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, na walioletewa iodini walipona. Kwake tezi ni tezi. Nami nikaona sawa, asali itamdhuru nani?

Kijiko kimoja kila asubuhi. Anasimama mbele yangu hadi nimeze. "Meza, mwanangu." Mwanangu! Miaka yote hii nilikuwa "yule wa Valko". Nilitoka nje nikalia.

Ijumaa, 23 Agosti

Mbaya. Majibu ya damu ni mabaya kuliko ya Juni. Moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa. Kaloyanova kauliza kama naruka vidonge. Nikaapa siruki. Basi nakula nini kingine? Nikamtajia asali na mwani, tena kwa fahari, mjinga mimi. Hakunigombeza. Kavua miwani.

"Rusana, tezi za wale wenye rovu zilikuwa na njaa ya iodini. Yako imevimbiwa, na wewe bado unaipakulia."

Asali basi. Vidonge vimeongezwa. Damu tena Septemba, ikikataa anapanga upasuaji. Njiani tulifika darajani, Valko akasimama. Ndipo akaniomba nisimwambie mama, niwe namwaga tu kimyakimya. Itamuua, kasema. Na mimi je?

Jumapili, 25 Agosti

Jana nilimwaga kwenye maua. Leo mama mkwe kanikuta. Nimemwambia yote, tena vibaya. Hasira za ugonjwa huu zinanitoka kama matapishi.

"Asali yako ndiyo inayonipeleka kwenye kisu," nikamwambia.

Kakaa mezani, kavuta chupa, kala kijiko kimoja. Kala cha pili.

"Nimeichunga jua na mvua," kasema. "Kama ni sumu, na tuone."

Yeye mwenyewe ana vidonge vya moyo kabatini! Nikaishika chupa. Kanishinda nguvu, kwa mikono yangu hii. Kaingia nayo chumbani, kajifungia.

Valko yuko msituni kwenye mbao, simu haipatikani. Nimemtuma kijana wa jirani akamtafute. Nimebisha hodi. Nimeomba radhi. Nimesema kosa ni langu, ni mimi sikumuuliza daktari mapema. Nimesema nampenda, na ni kweli, sikuwahi kumwambia.

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni. Ndani, kijiko kinagonga kioo cha chupa. Kinatulia kidogo. Nimeita tena.

Kinagonga.