Kofia ya Dieumerci

Dieumerci, mdogo wangu,

Jumamosi iliyopita tuliondoa matanga yako. Watu walikula vizuri, usijali. Kocha wako alikuja na gari lake kutoka Westville, akala sombe, majani yetu ya muhogo, sahani mbili, akasema wewe ni shujaa. Kwa mtu aliyeshiba, kila maiti ni shujaa.

Kisha mama akagawa nguo zako, kama desturi inavyotaka. Shangazi alichukua koti la shule, mjomba akachukua viatu vinavyombana, na hatavirudisha. Kofia yako ya raga ikabaki mwisho. Mama akamvisha kichwani Fiston, kitinda mimba wetu, mbele ya watu wote: "Hii iko urithi yako. Utacheza sawa yaya yako," yaani wewe, kaka yake. Wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, na nilitamani kupiga mtu nao.

Unakumbuka mama alipoinunua? Aliipeleka kanisani kwetu huku ugenini, Umbilo, mchungaji akaipaka mafuta, na tangu siku hiyo mama akaiita casque, kana kwamba ni ile kofia ngumu ya waendesha pikipiki wa kwetu Bukavu. Wewe ulicheka. Ukaniambia mimi dada yako, "Yaya, hii ni sponji tu, inalinda masikio." Nyumba nzima wewe ndiye uliyejua.

Wiki ile ya mwisho uligongwa kichwa mazoezini, ukatapika ndani ya taxi mpaka dereva akatushusha kwenye robot, pale taa za barabarani. Nilimwambia mama usicheze. "Eish, wacha kelele. Iko na casque, iko na mafuta ya Bwana." Kocha akakuonyesha vidole, ukavitaja sawasawa, akaridhika. Siku ya mechi refa naye aliibonyeza kofia yako, akatazama nembo ya idhini ndani, akasema sharp, iko sawa. Sheria inataka iwe laini, isije ikamuumiza mchezaji mwingine. Basi haikumuumiza mtu mwingine. Uliangushwa, ukaamka, ukaenda kujipanga na timu isiyo yako. Watu wakacheka. Ulipolala chini bado kuna waliokuwa wanacheka.

Sasa nikupe habari ya kuchekesha. Shule imetunga sheria kwa heshima yako: mtoto asiye na kofia haingii uwanjani. Waliisoma mbele ya wanafunzi wote, mama akapewa maua, akalia. Wewe uliyekufa umeivaa! Nilimuuliza kocha kwa nini wasitunge sheria ya kumweka nje mtoto aliyegongwa kichwa. Akasema hayo ni mambo ya madaktari, kisha akaniuliza Fiston ana kilo ngapi.

Maana Fiston naye shule imempokea bila karo, kama wewe, kwa sababu ya mabega yale yale ya baba. Mechi yake ya kwanza ni kesho. Wiki nzima amekuwa akijitazama kwenye kioo na kofia yako kichwani, anakunja uso kama wewe. Anafanana nawe, na hilo linanitia hofu kuliko jambo lolote. Shule ilimletea kofia mpya, mama akairudisha. Ameapa kwa jina la Yesu: atavaa ya kaka yake, ama hatavaa kitu.

Na mama akiapa, unamjua.

Leo asubuhi nimekuja na kofia yako saluni kabla ya wateja. Nimeinusa kwanza. Jasho lako bado limo, Dieumerci, na ni kitu cha mwisho duniani chenye harufu yako. Nimelia mpaka nikakaa chini, juu ya nywele za watu. Halafu nikachukua mkasi. Ile sponji ni nyembamba kuliko ya sidiria yangu. Nimeikata vipande, nimevitupa pamoja na nywele, na gari la taka limeshapita.

Mama atanilaani mbele ya kanisa zima. Fiston atanichukia, labda mwaka, labda zaidi. Sawa. Afadhali ndugu wa kuninunia kuliko ndugu wa kumwandikia barua.

Lala, mdogo wangu. Nakuahidi: mama akivunja kiapo na kupokea nyingine, nitaikata hiyo pia, na itakayofuata. Mkasi ndiyo kazi yangu. Bila kofia hakuna mechi, wamesema wenyewe. Kesho, kwa mara ya kwanza, sheria yako italinda kichwa cha mtu.

Yaya wako