Mwalimu Tluway, Laptop Yako Bado Iko Kwangu

Mwalimu wangu,

Laptop yako haijaibwa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za Mama au za mahindi. Iko chini ya kitanda changu, ndani ya begi la nguo za watoto.

Tulipokuzika, Mama, mjane wako, alinikabidhi mwenyewe mbele ya watu. Alisema, "Aika, wewe ndiye umemchapia maneno yake miaka yote. Malizia kitabu cha Mwalimu." Nikalia, nikaondoka nayo. Nilipoifungua kwenye duka langu la kuchapa nikakuta kitufe cha Q hakipo. Sio kwamba kimelegea. Hakipo. Pamebaki kichuchu cha mpira na vipande vya plastiki vilivyovunjika. Nilijua saa ileile kwamba kuna mtu ameingia humo. Mara ya mwisho tulipofanya kazi pamoja Q ilikuwa nzima, na wewe siku mbili baadaye ukapelekwa hospitali.

Nikaenda kwa fundi Eli, yule wa karibu na stendi. Akacheka. "Dada Aika, Kiswahili hakina Q. Unahangaika nini?" Nikamwambia kitabu ni kamusi ya Kiiraqw, watu wenyewe wana Q kwenye jina lao. Akasema, "Si uandike Wairaki tu?" Ungekuwepo ungemtoa nje ya duka lake mwenyewe.

Kwa wiki nzima nilikuwa nikikopi q kutoka neno la zamani na kuibandika kwenye neno jipya. Wewe unajua yako mangapi. Qaymo peke yake, shamba, limejaa kwenye kurasa zako kama magugu. Kuunganisha kibodi nyingine haikuwezekana, matundu ya pembeni yaliungua ile siku umeme uliporudi kwa nguvu. Nikarudi kwa Eli. Akaigeuzageuza, akasema imezeeka, spea zake hazipo tena, nichukue laptop nyingine aliyonayo na hiyo nimwachie. Nikajiuliza, kama imekufa, anaitakia nini?

Alisema aipime kwanza, ilale kwake siku moja. Nilikubali, lakini kabla ya kuiacha nilitia nukta ya rangi ya kucha chini ya betri. Usinicheke. Mimi nimeshaibiwa wino ukiwa ndani ya printa. Kesho yake nikageuza betri: nukta hakuna. Laptop iliyokuwa inakaa saa mbili bila umeme sasa inazima kabla chai haijachemka. Nilipiga kelele pale mpaka wauza viazi wakaja kuangalia. Eli akainama chini ya meza, akatoka na betri yenye nukta nyekundu, akasema zilichanganyika. Zilichanganyika zenyewe, Mwalimu, zikatembea.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Ndipo akaja mwanao.

Paskali alikuja dukani moja kwa moja kutoka kreta ya Ngorongoro, gari lote vumbi, hata watalii wake hajawashusha lodji. Hakukaa. Akasema, "Dada Aika, achana na hiyo laptop. Nitakununulia mpya kabisa. Hiyo nipe nikaitupe." Nikaitupe! Mtoto ambaye miaka yote hajauliza hata mara moja kitabu kimefika wapi. Alipoondoka, mama wa chapati jirani yangu akaniambia kwamba Paskali alionekana kwa Eli juzi yake. Basi nikaunganisha. Unamkumbuka yule mgeni aliyetaka kupiga picha madaftari yako, ukamwambia arudi yakishakuwa kitabu? Nikasema, mgeni huyo amempata Paskali, Paskali amempata Eli, maneno ya Mwalimu yanauzwa. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu.

Na wao walikuwa na hakika yao juu yangu. Shemeji yako alisema kwenye ua wa kanisa kwamba Mchaga amekula mashine ya marehemu. Nilisikia nikipita. Mwalimu, nimekaa Karatu tangu barabara haina lami, nimechapa kadi za harusi za nusu ya hao watu, na siku ile nilikuwa mgeni.

Jumamosi nikaibeba laptop nikaenda nyumbani kwako. Nikaiweka mezani mbele ya Mama na Paskali. Nikasema, "Mimi siibi. Lakini nataka kujua kwa nini huyu anataka kuitupa."

Mama akamgeukia Paskali. Akaanza kusema naye Kiiraqw, taratibu, kisha si taratibu. Nimechapa lugha hiyo miaka saba na sikuelewa hata sentensi moja. Nikawa naangalia midomo yao, nikijiambia wananipangia hapahapa mbele ya macho yangu. Halafu Paskali akatoa pochi, akaifungua pale pa sarafu, akaweka kitu mezani. Kilikuwa kitufe cha Q.

Ni yeye, Mwalimu. Ulipokuwa umelazwa alikaa mchana mmoja na laptop yako, apate kujua baba yake alikuwa anaandika nini siku zote. Akafika kwenye qaymo. Chini yake uliweka mfano wa matumizi. Alinitafsiria: "Shamba linamjua kila aliyelilima, mwanangu anaendesha wageni, shamba halimjui." Akapiga ngumi kwenye kibodi. Siku nne baadaye ukafa, hamjasemezana lolote. Kwa Eli alikwenda kuuliza kama kitufe kinaweza kurudishwa, Eli akamwambia kama alivyoniambia mimi. Ndipo akaona bora mashine yote ipotee, na hiyo sentensi ipotee nayo.

Nilimwomba radhi. Lakini na wewe nina neno nawe, Mwalimu. Ile sentensi niliichapa mimi, herufi kwa herufi, ulivyonitajia, ukinywa chai yangu. Nilikuuliza inasemaje, ukajibu, "Habari za shamba tu, binti yangu." Mimi nikaendelea. Sasa kila ukurasa nautazama kwa jicho lingine. Umenichapisha nini kingine? Je, na mimi nimo? Nilimuuliza Paskali, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema bado hajafika huko.

Tuliamua kuitengeneza. Paskali alikuwa anapeleka wageni Arusha, nami nikapanda kiti cha mbele, laptop mapajani, kwa sababu radhi ni radhi lakini sikuwa tayari kumwachia. Fundi wa Arusha alikuwa na laptop mbovu ya aina ileile. Akachomoa vipande vidogo vya plastiki, akavipachika, akarudisha Q yako ileile juu yake. Akatutolea na CD mbili za kitabu, moja ya Paskali, moja yangu. Alimaliza yote kabla hata soda yake haijaisha.

Paskali alitaka tuifute ile sentensi. Mama akakataa. Alisema ni mkono wa baba yake, hata ukiwa mzito ni wake. Akamwambia kama ana la kujibu, ajibu hapohapo chini. Paskali akasimama nyuma ya kiti changu dukani, akanitajia mstari mmoja mrefu, akarudia mara mbili. Nikauliza maana yake. Akasema, "Chapa tu, Dada."

Nimechapa. Sijamuuliza Mama, ingawa nimetamani sana. Siku hizi Paskali anapita kila asipokuwa na safari, ananipa maana ya maneno uliyoyaacha daftarini bila maelezo. Mengine anayajua, mengine nadhani anabahatisha, na ninapomtilia shaka naweka alama ya penseli.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Neno lenye alama ya penseli halitaingia kitabuni mpaka Mama au wazee wa kijiji cha Baray wamelithibitisha. Na mimi sitachapa tena nisichokielewa. Jumapili hii baada ya ibada naenda kwa Mama kuanza somo la kwanza la Kiiraqw, na madaftari yangu mapya nimeshayanunua.

Pumzika, Mwalimu wangu. Ukinisikia nakosea matamshi, vumilia.

Aika