Ndala za mama chini ya kiti

Shoga, acha unachofanya unisome. Mume wa dada, yule msemaji wa hospitali, ana macho makavu sijapata kuona.

Leo walikuwa wanazindua mashine mpya ya kusafisha damu. Mama yuko kwenye kiti chake, anasafishwa na ile ya zamani. Shemeji akamwambia muuguzi amchomoe. Amchomoe, shoga, na hajamaliza.

Nikamuuliza, "Una akili wewe?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Shemeji, mama kavimba uso. Wafadhili wanataka mgonjwa anayetabasamu."

Anayetabasamu. Figo zimekufa, atabasamie nini?

Wakamtoa mama hadi koridoni, miguu mitupu. Mashine mpya ikasogezwa kando ya kiti chake, na hapo akakaa katibu muhtasi wa hospitali, buheri wa afya, kabandikwa plasta mkononi. Watu wakapiga makofi.

Nikasema basi, mama amalizie kwenye hiyo mpya. Shemeji akacheka. "Hiyo bado haijaunganishwa na maji. Leo ni ya picha tu."

Sasa hivi kaituma picha kwenye grupu la familia: "Matumaini kwa wagonjwa wetu." Na dada kaweka mioyo.

Nakutumia. Ikuze, shoga. Chini ya kiti utaziona ndala za mama.